Shahidi wa Dirisha la Vifurushi

Kwako Mama, uliyezikwa Ujiji nami nikiwa huku mbali,

Nimeshinda. Naanza na hilo kwa sababu ulikuwa hupendi habari inayozunguka kabla ya kufika. Mtu akija na salamu ndefu ulimwambia, "Sema kwanza nani amekufa, halafu tutaamkiana." Basi hajafa mtu. Mwanao aliitwa mwizi hapa Brussels, kazi ikakaribia kumponyoka, na leo jina lake limerudi safi mbele ya walewale waliolichafua. Nimekaa jikoni kwangu, Saint-Josse, mgongo unauma kama kawaida yake, na nina furaha kiasi kwamba nimekataa kuvua viatu kabla sijakuandikia.

Barua hii naiacha wazi, aisome anayetaka. Hakuna siri ya mtu iliyobaki ndani yake. Mwenye siri ameniambia leo kwamba sasa naweza kusema, na mpaka aliposema hivyo mdomo wangu ulikuwa umefungwa kama wako ulivyokuwa.

Unalikumbuka lile dirisha. Stesheni ya Kigoma, upande wa ofisi ya vifurushi, penye ule ukuta mnene wa Wajerumani. Wewe ulikaa chini yake na sufuria ya uji, mimi nikiosha vikombe. Waingereza walikuwa wamekwenda zao na bendera ilikuwa yetu, lakini kanuni za reli zilikuwa bado zao, na Bwana Sefu, karani wa vifurushi, alizijua kwa moyo kama mtu aliyehitimu juzuu. Mzigo wa kawaida ukipotea njiani, reli ilikulipa kidogo tu, kama vile umepoteza chumvi. Ukitaka reli ikubali kwamba umepakia dhahabu, ilibidi useme pale dirishani, kabla treni haijaondoka, ni kitu gani na kina thamani gani, ulipe nyongeza, na karani akitaka kufungua aone kwa macho yake, afungue. Usiposema, hata kama ndani mlikuwa na dhahabu yote ya Kongo, kwa reli hilo lilikuwa gunia.

Sisi watu wa stesheni tuliita jambo hilo kutamka. "Una mali ya kutamka?" Bwana Sefu aliuliza hivyo kila mtu, hata mwenye kikapu cha dagaa. Na kanuni ilikuwa na orodha yake iliyotoka Ulaya: dhahabu, fedha, lulu, saa, hariri, pembe za ndovu, mpaka manyoya ya wanyama ya kuvaa. Wewe na wateja wako mlicheka sana juu ya hayo manyoya. Nani Kigoma avae manyoya, na jua lile? Lakini siku mama mmoja alipotaka kutamka kanga zake za arusi, Bwana Sefu alikataa, kanga hazimo. Wewe ukainuka na upawa mkononi ukamwambia kwamba waliotunga kanuni hiyo walijua bei za vitu, ila hawakuwahi kumuuliza mwanamke ana kitu gani cha thamani. Bwana Sefu alirudi kwenye uji wake. Kanga zilisafiri kama gunia.

Shahidi hakuwamo katika kanuni. Huyo alikuwa wa Bwana Sefu mwenyewe. Aliwahi kusumbuliwa na mfanyabiashara aliyetamka saa, mzigo ulipopotea akaapa kwamba alitamka dhahabu, na karani nusura afukuzwe. Tangu hapo akataka kila anayetamka atamke mbele ya mtu asiye wa reli. Na mtu asiye wa reli aliyekuwa karibu na dirisha kila siku ya Mungu alikuwa wewe. Ukawa unaacha uji, unafuta mikono, unasogeza sikio.

Hapo ndipo palipoanza vigelegele. Dirisha lilikuwa mbele ya watu, foleni nzima ina masikio, na hakuna mwanamke wa Ujiji aliyetaka majirani wasikie kwamba anapeleka bangili nne za dhahabu kwa dada yake Tabora. Kwa hiyo walikuja kwa makundi. Mmoja akifika kwenye kutamka, wenzake walipiga vigelegele kama wanamtoa bibi arusi, na katikati ya kelele hizo yeye alisema mali yake masikioni mwako na mwa Bwana Sefu, basi. Wageni walioshuka kwenye meli ya Kongo walidhani stesheni ya Kigoma ina arusi kila siku.

Ulijua mali za nusu ya mji, Mama. Ulijua mume yupi anamtumia nani na mke yupi anaweka akiba kwa kaka yake bila mume kujua. Nyumbani hukusema hata neno. Baba alijaribu kukuchokoza, akasema mwanamke gani huyu anakaa na utamu wote huo asiuonje hata kidogo. Ulimwambia anyamaze ale.

Kisha akaja Bi Tatu. Mumewe, Mzee Hamisi mwenye mashine ya kusaga, alikuwa ametuma kifurushi kidogo Tabora, na mji ulishaanza kunong'ona kwamba Tabora kuna mke mpya. Bi Tatu alikuja asubuhi na samaki, migebuka mitatu iliyonona, akakaa kwenye kigoda chetu, akasifia uji, akasifia hata mimi. Halafu akauliza. Ulimjibu kwa adabu: "Migebuka nimepokea, dada, ahsante. Habari ya Tabora kamuulize aliyetuma."

Alisimama akaenda sokoni akasema unawaficha wanaume. Wanawake wakasusa. Uji ukawa hauishi. Tulikunywa asubuhi, tukanywa mchana, jioni ukatuwekea tena na limau ili tuone ni kitu kingine. Mimi nilikasirika, nikakuuliza kwa nini usimwambie tu kwamba mzee hakutuma kitu, mambo yaishe. Ulikuwa unasugua sufuria. Hukugeuka.

"Nikisema hakutuma kitu, nimedanganya. Nikisema alichotuma, nimeiba. Nikinyamaza, nina uji mwingi tu."

Na aliyekuja kuvunja mgomo alikuwa Bi Tatu mwenyewe! Alikuja na kundi lake, vigelegele vikapigwa, akatamka bangili. Alikuwa amepiga hesabu zake: aliyekataa kutoa siri ya mumewe hatatoa na yake. Siku hiyo uji uliisha kabla treni haijaondoka, nami sikuambulia hata ukoko. Mpaka leo sijui Mzee Hamisi alituma nini Tabora.

Sasa nije huku kwangu. Unajua nilikuja kwa kazi gani na nikaishia kazi gani. Nilisoma mpaka pale ada ilipokoma, na mtu wa hivyo Ulaya hupewa vitu vizito. Tunahamisha watu nyumba. Nyumba za huku ni ndefu na nyembamba, ngazi zake zinajipinda kama utumbo, kwa hiyo kabati na vitanda vinapitishwa dirishani kwa ngazi ya umeme inayoegemezwa ukutani kutoka barabarani. Kisichopita dirishani kinapita mgongoni kwetu. Mwenzangu ni Papa Flori, mtu wa Lubumbashi, anaongea Kiswahili chao kile cha kuchanganya na Kifaransa, na ana maneno mengi kuliko nguvu.

Mimi nina mazoea yangu, na mazoea hayo ni wewe. Kabla ya kugusa sanduku la kwanza nasimama sebuleni, namwita mwenye nyumba na wote waliopo, na kwa Kifaransa changu kibovu nauliza kama kuna kitu cha thamani, kisemwe sasa, kibebwe peke yake. Kampuni nayo ina kanuni kama hiyo kwenye mkataba, maandishi madogo hayasomwi na mtu, kwamba mali ambayo haikutajwa haina mdai. Nilipoambiwa maana yake mara ya kwanza nilicheka. Nilidhani nimeiacha Kigoma. Papa Flori amenipa jina kwa ajili hiyo. Ananiita Chef de gare, mkuu wa stesheni. "Chef de gare, uliza haraka, treni inatuacha."

Mwezi huu tulipelekwa Koekelberg, nyumba ambayo dirishani unaona kuba la kanisa kubwa limejaza mbingu yote. Mwenye nyumba ni mjane mzee sana, Madame Hélène, alikuwa anahamia nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwepo mwanawe, Monsieur Luc, mtu wa ofisi, mwenye haraka, na mkewe Sabine. Nikauliza swali langu. Monsieur Luc akasema hakuna kitu, vito vyote vya mama viko kwenye kijaluba chake, ataenda nacho mwenyewe garini.

Yule bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mito, kitambaa cha kijani kimechakaa mikononi. Akaniangalia. Akasema kwa Kiswahili, "Papa, unatoka wapi?"

Nilikaribia kuangusha kamba za kubebea. Nikamwambia, Kigoma. Akapiga makofi kwa mikono yake myembamba. Mumewe alikuwa mhandisi wa barabara Bukavu enzi za Wabelgiji, na walipokwenda likizo waliteremka mpaka ziwa letu, wakavuka, wakapanda treni Kigoma mpaka Dar es Salaam kupanda meli. "Kule ku dirisha," akasema, "Mwingereza alinifungulisha malle, masanduku yote. Nitamke zahabu yangu mbele ya bantu. Nilisikia haya!" Akacheka. Wewe wakati huo ulikuwa msichana bado, Mama, hujafika pale dirishani, lakini niliona kama amekutaja.

Halafu akaacha kucheka. Mwanawe na mkwewe wamesimama palepale, hawaelewi hata neno, wanatabasamu kama watu wanaosubiri mtoto amalize shairi. Akasema taratibu, sauti ileile ya mazungumzo:

"Sasa natamka. Iko munyororo ya mama yangu, ya zahabu. Niliishona mu kiti hii. Batoto banataka kuigawanya mbele nikufe. Unisikie, papa. Usiambie muntu. Na kiti mubebe polepole."

Monsieur Luc akaniuliza mama amesema nini. Nikamwambia, anataka kiti kibebwe polepole. Hilo lilikuwa kweli. Papa Flori alikuwa mlangoni na sanduku la vyombo, amesikia yote, macho yamemtoka.

Kiti hakikupita kwenye ngazi ya umeme. Nilikibeba mwenyewe mgongoni, ghorofa baada ya ghorofa, nikakiweka kwenye gari, nikakishusha, nikakipandisha mpaka chumbani kwake kule kwa wazee, akakikalia, akanishika mkono. Nilitoka nimeloa jasho nikiwa na amani.

Haikupita muda bosi akatuita ofisini. Monsieur Luc alikuwapo, na kijaluba mezani kimefunguliwa. Mkufu wa bibi yake mzaa mama, alisema, mkufu wa dhahabu ambao familia nzima inaujua, haumo. Hakupaza sauti. Angepaza ningejisikia vizuri zaidi. Alisema nyumba ile waliingia watu wawili tu wasio wa familia, na kwamba anatupa nafasi ya kuurudisha kabla hajawaita polisi.

Bosi akatutazama. Ni mtu mnene, si mbaya, tumebeba naye mengi kabla goti lake halijaharibika. Akauliza kama tunajua lolote.

Mama, nilikusikia ukisugua sufuria. Nikasema, "Sijaiba. Mwenzangu hajaiba. Mkufu ni wa Madame. Aulizwe Madame."

Monsieur Luc akasema mama yake amechoka, anasahau, ukimuuliza jambo hili ataumwa. Hataki asumbuliwe. Nikarudia. Akanigeukia, akasema ameona jinsi nilivyokuwa nikiongea naye kwa lugha yangu, nikimlainisha. Akasema lugha yangu, Mama, na ni mama yake aliyeanza.

Bosi hakuwa na la kufanya. Alituambia tukae nyumbani kwanza, mpaka lijulikane. Watu wengine wakachukua gari letu.

Kukaa nyumbani, kwa mtu aliyezoea kubeba, ni ugonjwa. Mgongo unauma zaidi ukipumzika. Nilikuwa natembea barabara ya maduka, nasimama kwenye duka la Mrundi anayeuza mihogo, nahisi kila mtu anajua. Mwizi. Miaka yote hii hapa nimeitwa mengi. Nimeitwa nyani na mlevi mmoja kwenye tramu, nikashuka kituo changu nikasahau. Hili halikusahaulika, kwa sababu wewe hukunifundisha jinsi ya kujibu tusi, ila ulinifundisha mali ya mtu.

Papa Flori akaja kwangu. Hakukaa. Alizunguka meza hii ninayoandikia.

"Chef de gare, sema tu. Ni neno moja: iko mu kiti. Basi, tunarudi ku kazi."

"Si neno langu."

"Mimi nilisikia vilevile. Nikisema mimi?"

Nikamwambia, akisema yeye sitamzuia, wala sitamchukia. Nikamweleza habari zako. Dirisha, vigelegele, Bi Tatu na migebuka yake, na ule uji. Alisikiliza mpaka mwisho, na mtu yule hasikilizi kitu mpaka mwisho.

"Bon. Lakini mama yako hakuwa na loyer ya nyumba ya kulipa Bruxelles."

"Alikuwa na sisi watano."

Akavuta kiti, akakaa. Akasema yeye ana watatu, na mkubwa ameanza kuuliza mbona baba yuko nyumbani. Nilijua nikifungua mdomo kumwomba avumilie nitakuwa nawaomba na watoto wake walale njaa kwa ajili ya neno nililompa mzungu mmoja mzee. Nilifikiri hivyo waziwazi, kwa maneno hayohayo. Hii si stesheni, wewe hupo, na yule bibi angeweza kufa usiku wowote, na siri ikabaki na sisi, na sisi na jina la wizi mpaka kaburini. Kwa mara ya kwanza nilielewa ulikuwa umekaa na nini pale chini ya dirisha. Nilikuwa nadhani ulikuwa umekaa na uji.

Ni Papa Flori aliyefungua njia. Akapiga meza. "Wanakatala aulizwe. Donc hatutamuuliza. Tutamusalimia. Kusalimia mama muzee ni makosa?"

Kweli. Mwenye mali ndiye anayesema, na mwenye mali yupo, ana mdomo, na nyumba ya wazee ina saa za wageni. Leo Jumapili tumevaa mashati ya kupigwa pasi, Papa Flori amefunga tai ya arusi yake, tumenunua machungwa, tukapanda basi.

Tulipofungua mlango wa chumba, Monsieur Luc na Sabine walikuwa wamekaa kitandani, na Madame Hélène kwenye kiti chake cha kijani. Monsieur Luc aliinuka. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alituuliza tunatafuta nini hapa, na akaanza kutafuta kengele ya kumwita mhudumu.

Niliinama nikamwamkia bibi kwa heshima zote, kama ningekuamkia wewe. "Shikamoo, Maman."

Wakongo hawana shikamoo, lakini yeye aliijua. Aliipata Kigoma, labda. Akaitikia. Akauliza mbona nimekonda.

Nikamwambia kwa Kiswahili, "Maman, mimi na mwenzangu tumesimamishwa kazi. Wanasema tumeiba. Sikusema kitu. Nimekuja kukusalimia, na ukitaka ninyamaze, nitanyamaza."

Sijui kama ningenyamaza kweli. Namshukuru Mungu hakunijaribu. Alitutazama, mimi, Papa Flori na tai yake, kisha mwanawe. Uso ule wa kizee ukakunjamana, nikadhani atalia. Akaangua kicheko.

"Bezi? Wanasema beko bezi?" Akapiga mkono wa kiti. "Papa, niko naikalia!"

Papa Flori alijiegemeza ukutani, mabega yanatetemeka. Monsieur Luc anauliza, nini, mama anasema nini. Na Madame akageuka kwenye Kifaransa, kile chao cha watu waliosoma kwa masista, akamwambia kila kitu. Kwamba mkufu ni wa mama yake. Kwamba aliwasikia sebuleni, wakidhani amelala, wakigawana vito vyake, nani achukue kipi. Kwamba aliushona kwa mkono wake na sindano yake. Akamwomba Sabine mkasi mdogo wa kwenye meza, na Sabine akampa. Hakumruhusu mtu kusaidia. Akainuka kwa kushikilia bega langu, akakata nyuzi pembeni ya mto, uzi mmoja baada ya mwingine, akaingiza vidole kwenye pamba, na akauvuta.

Mama, mkufu wenyewe mwepesi kama nywele. Nilidhani ningeona kitu kikubwa kwa shida yote ile.

Akauvaa. Vidole vilishindwa kufunga kishikizo nyuma, na aliyekwenda kumfungia ni Sabine, huku akicheka na machozi yanamtoka, akimwambia mama mkwe, umetupata. Bibi akakaa tena, shingo juu, dhahabu juu ya sweta ya sufu, malkia.

Monsieur Luc aliniuliza, polepole sasa, kama nilijua tangu mwanzo. Nikasema nilijua. Akauliza kwa nini sikusema, wakati angeweza kunipeleka polisi. Nilianza kutafuta maneno ya Kifaransa, lakini mama yake alinitangulia:

"Kwa sababu nilimwambia asiseme. Wewe ningekuambia usiseme, ungesema?"

Monsieur Luc ni mtu mgumu, lakini si mwongo, na hilo nampa. Alitoa simu palepale mbele yetu, Jumapili, akampigia bosi, akaifungulia sauti ili sote tusikie. Akasema alikosea. Akasema mkufu umepatikana, haukuwahi kuibwa, na wafanyakazi hawa wawili ni waaminifu kuliko alivyostahili. Neno hilo la mwisho lilimtoka kwa shida, nami sikumsaidia. Kisha akanyoosha mkono, kwanza kwa Papa Flori, kisha kwangu. Niliupokea. Ningeweza kuukataa, nilikuwa na haki, na nilifikiria. Lakini mkono wa mtu aliyeshindwa ni mwepesi kuubeba, na mimi hupewa vizito tu.

Madame alinishika kidole nilipoinama kumuaga. Akasema sasa naweza kusimulia, kwa yeyote, hata Kigoma. Ndiyo maana nasimulia. Machungwa aliyabakiza, akamwambia mwanawe ammenyee.

Ukumbini nje Papa Flori alicheza. Mtu wa umri wake, na tai, kati ya viti vya magurudumu, akicheza ile ya kwao ya kukaa chini mpaka magoti yanalia, na vizee wawili wakampigia makofi. Sikumzuia. Kama si aibu yangu ningeingia.

Huwa nakaa na huzuni nikikukumbuka, Mama. Nilizikosa siku zako za mwisho, na mchanga wa kaburi lako ulitiwa na mikono ya wengine. Leo sina huzuni. Leo najisikia kama nimekuona ukifunika sufuria tupu, ukijifuta mikono kwenye kanga, biashara imekwisha, treni haijaondoka. Nilidhani uliniachia umaskini na adabu. Kumbe kulikuwa na kitu kingine, na nilikibeba miaka yote bila kukitamka kwa mtu.

Bosi amenipigia nikiwa kwenye basi. Hakuomba radhi, si tabia yake, watu wa kazi yetu hawajui kuomba radhi. Aliuliza mgongo wangu ukoje. Nikamdanganya kidogo, uongo huo utanisamehe, Mama. Akasema kesho kuna nyumba yenye ngazi nyembamba, barabara haina nafasi ya kuegemeza ngazi ya umeme, na juu kabisa kuna piano. Ananitaka upande wa chini.

Wewe hukuwahi kuona piano ikishushwa, basi nikueleze. Wa juu wanashikilia na kuongoza. Wa chini ndiye anayebeba, na wa juu wote wanategemea kwamba hataachia, maana akiachia inakwenda yenyewe, na yeye ndiye wa kwanza inayempata. Bosi huchagua mtu huyo mwenyewe. Wapo vijana wenye misuli kunizidi, na hajawachagua.

Nikamwambia nitakuwepo.

Lala salama, Mama. Nami sasa navua viatu.

Ni mimi, kitinda mimba wako.